Mchezo wa Mtoto Mdogo ni Akiba ya Mwili Wake: Sayansi ya Seli na Malezi ya Miaka ya Awali Mkoani Tanga

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Katika familia nyingi za pwani, mtoto mdogo anayecheza huhesabiwa kuwa hana kazi. Akikimbia huambiwa atulie, akipanda ukuta huteremshwa, na yule anayekaa kitako mahali pamoja kwa saa nyingi bila kumsumbua mtu husifiwa kuwa ana adabu. Wazazi hufanya hivyo kwa nia njema. Wanataka mtoto awe salama, asichafuke, na awahi kujua kusoma na kuandika.

Hata hivyo, elimu ambayo wanasayansi wa tiba wameikusanya kwa zaidi ya miaka arobaini inawataka wazazi, walezi na viongozi wa mitaa walitazame upya suala hilo. Imebainika kwamba sehemu moja ya chembe hai za mwili, yenye uhusiano wa karibu na kuzeeka, hupungua kwa kasi kubwa zaidi katika miaka minne ya kwanza ya maisha kuliko katika kipindi kingine chochote. Miaka hiyo hupita kabla mtoto hajavaa sare ya shule, na ikishapita hairudi.

Makala hii inaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa mtoto katika kipindi hicho, nafasi ya kucheza, kulala na kujikinga na magonjwa, na hatua ambazo familia na jamii za Mkoa wa Tanga, wenye watu zaidi ya milioni 2.6 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, zinaweza kuzichukua sasa.

Ncha ya kamba ya mkonge

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno ziitwazo seli. Ndani ya kiini cha seli mna nyuzi 46 zinazoitwa kromosomu, ambazo hubeba vinasaba, yaani maelekezo yanayouongoza mwili namna ya kukua, kujitengeneza na kujilinda. Seli inapogawanyika na kuwa mbili, maelekezo hayo hunakiliwa ili kila seli mpya ipate nakala yake.

Kila ncha ya kromosomu imefunikwa na kipande cha kinga kinachoitwa telomea. Mkoa wa Tanga umeishi na mkonge tangu zao hilo lilipoingizwa nchini mwaka 1893, hivyo mfano wa kamba utaeleweka kwa urahisi. Kamba ya mkonge ikikatwa bila kufungwa nchani hufumuka, nyuzi zake zikatawanyika na kamba isifae tena kwa kazi. Fundi mwenye uzoefu huifunga ncha hiyo kwa uzi imara ili kamba idumu. Telomea hufanya kazi ya uzi huo. Haibebi maelekezo yoyote ya mwili. Ni mfululizo wa herufi sita za kemia ya vinasaba unaorudiwa maelfu ya mara, na wajibu wake ni kuilinda ncha ya kromosomu isifumuke wala kushikamana na nyingine.

Kila seli inapogawanyika, mtambo wa asili unaonakili vinasaba hushindwa kufika mwisho kabisa wa uzi, na telomea hupungua kidogo. Ikishakuwa fupi kupita kiasi, seli huacha kugawanyika. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Marekani walionesha kuwa seli za kawaida za binadamu zinazooteshwa maabara hugawanyika kwa idadi yenye kikomo, kisha husimama. Jibu la swali la kwa nini husimama lilikuja baadaye kupitia kazi za Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, ambao mwaka 2009 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kueleza namna telomea inavyoilinda kromosomu, na kwa ugunduzi wa telomerasi, kimeng'enya ambacho huweza kuijenga upya telomea katika baadhi ya seli.

Hivyo watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kuwa na umri ule ule kwa kalenda, huku seli zao zikiwa zimechakaa kwa viwango tofauti. Kwa watu wazima, telomea fupi zimehusishwa na magonjwa ya moyo, kisukari na kudhoofika kwa kinga ya mwili.

Miaka minne ya kasi

Mwaka 1998, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima telomea katika seli nyeupe za damu za watu wa rika mbalimbali, kuanzia watoto wachanga hadi wazee. Walikuta kwamba telomea hupungua haraka sana kwa watoto wadogo, kisha upungufu huo hutulia kuanzia takriban umri wa miaka minne hadi ujana, na baada ya hapo huendelea polepole kwa miaka yote iliyobaki.

Sababu yake ni ya kawaida. Mtoto hukua kwa kasi, damu yake huongezeka na kinga ya mwili wake hujengwa. Seli mama zilizomo katika uboho wa mifupa hulazimika kugawanyika mara nyingi ili kukidhi mahitaji hayo. Upungufu huo wa utotoni si ugonjwa, na hakuna mzazi anayepaswa kuuogopa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika kipindi hicho cha matumizi makubwa, mzigo wowote wa ziada humkuta mtoto akiwa tayari anatumia sehemu kubwa ya akiba yake. Mzigo huo unaweza kuwa maradhi ya mara kwa mara, lishe duni, hofu ya kudumu au kukosa matunzo. Mwaka 2012, watafiti waliofuatilia watoto waliolelewa katika taasisi za yatima mjini Bucharest, Romania, walieleza kuwa watoto waliokaa muda mrefu zaidi katika taasisi hizo walikuwa na telomea fupi zaidi. Mwaka uliofuata, utafiti wa Uingereza uliowapima watoto wakiwa na umri wa miaka mitano na tena wakiwa na miaka kumi ulionesha kuwa telomea zilipungua kwa kasi kubwa zaidi kwa wale waliokumbwa na ukatili wa aina zaidi ya moja, kama vile kupigwa, kuonewa na wenzao au kushuhudia ugomvi wa nyumbani.

Matokeo hayo yanatoa picha moja: namna mtoto anavyoishi katika miaka ya mwanzo huacha alama hata ndani ya seli zake. Wahenga walisema udongo upate ungali maji. Walikuwa wakizungumzia tabia, lakini usemi wao unaufaa mwili pia.

Mwili unaojongea na seli zilizo ndani yake

Mwili unapojongea, misuli huvuta sukari kutoka katika damu na kuitumia, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi, na mwili hujizoeza kusafisha mabaki ya kemikali yanayotokana na matumizi ya nguvu. Mabaki hayo yakilimbikizana huzidhuru telomea. Aidha, mazoezi ya mara kwa mara hupunguza mafuta yasiyohitajika na kutuliza hali ya mwili kuwaka ndani kwa ndani, ambayo huzilazimisha seli za kinga kugawanyika bila kupumzika. Kwa mtoto, kucheza humpa pia usingizi mzito na humpunguzia msongo.

Ushahidi unaounganisha moja kwa moja mazoezi na telomea umetoka zaidi kwa watu wazima. Mwaka 2008, watafiti wa London walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 2,401 waliozaliwa pacha. Waliojishughulisha zaidi kimwili wakati wa mapumziko yao walikuwa na telomea ndefu kuliko waliokaa tu. Mwaka 2019, watafiti wa Ujerumani walieleza kuwa watu wazima waliokuwa hawafanyi mazoezi, baada ya miezi sita ya kukimbia, waliongezeka utendaji wa telomerasi na urefu wa telomea katika seli nyeupe za damu, ilhali waliofanya mazoezi ya kutumia nguvu kwa mashine hawakuongezeka hivyo.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, tafiti za aina hiyo ni chache na matokeo yake hayafanani. Kwa hiyo mzazi hapaswi kuahidiwa kwamba saa moja ya kucheza itaongeza kiasi fulani cha telomea. Kilichothibitika ni kwamba mtoto anayecheza vya kutosha hujenga mifupa na misuli imara, hulala vizuri, hukua katika uzito unaofaa, hujifunza haraka kutumia mikono na macho yake, na huingia utu uzima akiwa na mazoea ya kujongea. Mazoea hayo ndiyo yanayohusishwa na telomea ndefu kwa watu wazima, na msingi wake hujengwa utotoni.

Nchini Tanzania upo mfano unaojulikana duniani. Watafiti waliowapima Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi walieleza mwaka 2017 kuwa mtu mzima wa jamii hiyo hutumia wastani wa dakika 135 kwa siku katika shughuli za wastani hadi za nguvu, na kwamba dalili za hatari ya magonjwa ya moyo miongoni mwao ni chache sana. Wanaotembea hivyo ukubwani walianza kutembea na wazazi wao tangu wakiwa wadogo.

Somo la malaria, na kwa nini chandarua hulinda mchezo

Kwa mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, suala la kuchakaa kwa seli haliwezi kuzungumzwa bila kuitaja malaria. Mwaka 2024, jarida la Marekani linaloshughulikia jenetiki ya binadamu lilichapisha utafiti uliopima telomea za watu wazima 1,818 kutoka Tanzania, Botswana, Ethiopia na Kameruni. Watafiti walibaini kuwa wakazi wa maeneo yenye malaria kali zaidi walikuwa na telomea fupi zaidi.

Uhusiano huo unaelezeka. Vimelea vya malaria huharibu seli nyekundu za damu, na uboho hulazimika kutengeneza nyingine kwa wingi. Kila seli mpya hutokana na mgawanyiko, na kila mgawanyiko hupunguza ncha. Mtoto anayeugua malaria mara tatu au nne kwa mwaka hutozwa gharama hiyo juu ya ile ambayo ukuaji wenyewe unaidai.

Habari njema imetoka Stockholm, Sweden, ambako wagonjwa waliopata malaria safarini walifuatiliwa kwa mwaka mzima baada ya kutibiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kuwa telomea zao zilipungua baada ya kuugua, kisha zikarejea katika hali yake kadiri mwaka ulivyosonga bila maambukizi mapya. Ugonjwa mmoja uliotibiwa mapema husameheka. Unaochosha ni ule unaorudi kila mara bila kuupa mwili nafasi ya kupona.

Mkoa wa Tanga una historia ndefu katika vita hivi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina vituo Tanga mjini, Amani wilayani Muheza na Korogwe. Kati ya mwaka 2014 na 2016, watafiti wa NIMR kwa kushirikiana na wenzao wa Denmark waliwafuatilia wanawake wa Korogwe na Handeni tangu kabla hawajashika mimba hadi kujifungua, wakitaka kujua namna upungufu wa damu wa mama unavyoweza kumwekea mtoto msingi wa magonjwa yasiyoambukiza ukubwani. Utafiti huo unakumbusha kuwa akiba ya mtoto huanza kuwekwa tumboni, na kwamba mjamzito anayehudhuria kliniki mapema, akameza vidonge vya kuongeza damu na dawa za kuzuia malaria, huwa tayari ameanza kumlea mwanawe.

Kitaifa, kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto walio chini ya miaka mitano kimeshuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi asilimia 8.1 mwaka 2022. Hayo ni mafanikio makubwa, na yana maana kwa mchezo pia. Mtoto mwenye upungufu wa damu hachezi. Hukaa pembeni akiwatazama wenzake, huchoka upesi, na wazazi wanaweza kudhani kuwa ni mpole kwa tabia. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akianza kukaa kimya kila siku, apelekwe kituo cha afya akapimwe damu. Vivyo hivyo lishe: takwimu za mwaka 2022 zinaonesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa umri huo nchini wamedumaa. Samaki, dagaa, kunde, mboga za majani, maembe na mapapai, vyakula vinavyopatikana kwa wingi katika mwambao wetu, ndivyo vinavyompa mtoto nguvu za kukimbia.

Kiwango kinachopendekezwa kwa siku

Mwezi Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wa kujongea, kukaa na kulala kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa ufupi, mwongozo huo unaelekeza yafuatayo:

• Chini ya mwaka mmoja: mtoto achezeshwe mara kadhaa kwa siku, hasa sakafuni au mkekani. Ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, chini ya uangalizi, kwa jumla ya dakika zisizopungua 30 kwa siku. Alale saa 14 hadi 17 akiwa na umri wa hadi miezi mitatu, na saa 12 hadi 16 akiwa na miezi minne hadi kumi na moja.

• Mwaka mmoja hadi miwili: ajongee kwa namna mbalimbali kwa dakika zisizopungua 180, zikigawanywa katika siku nzima. Alale saa 11 hadi 14, ikiwamo usingizi wa mchana.

• Miaka mitatu hadi minne: ajongee kwa dakika zisizopungua 180, na kati ya hizo angalau 60 ziwe za kutoa jasho, kama vile kukimbia, kuruka na kupanda. Alale saa 10 hadi 13.

• Televisheni na simu: hazipendekezwi kabisa kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Kuanzia umri huo zisizidi saa moja kwa siku, na zikipungua ni bora zaidi.

• Kufungwa mahali pamoja: mtoto asizuiwe kujongea kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe katika kiti, kigari au mbeleko.

Kipengele hicho cha mwisho kinatuhusu moja kwa moja. Mbeleko ni malezi mema. Humpa mtoto joto la mama na humtuliza, na hakuna anayesema iachwe. Kinachoshauriwa ni kwamba mama au bibi anayefanya kazi sokoni au shambani amshushe mtoto kila baada ya muda, amtandikie kanga au mkeka kivulini, amwache ajigeuze, atambae, ajaribu kusimama dede, kisha ambebe tena.

Dakika 180 zinaweza kumtisha mzazi anayezisikia kwa mara ya kwanza. Hazihitaji kufuatana, na hazihitaji saa ya kupimia. Mtoto anayekwenda na baba yake kisimani, akamsaidia bibi kukusanya maganda ya nazi, akacheza na wenzake asubuhi na tena alasiri, huzifikia bila mtu kujua.

Michezo tuliyo nayo

Pwani haihitaji vifaa ghali ili kutimiza mwongozo huo. Ukuti huwazungusha watoto wadogo kwa mikono iliyoshikana, wakiimba na kuchutama pamoja. Kidali po na kombolela huwafundisha kukimbia, kujificha na kukata kona. Rede na nage hutaka jicho kali na mwili mwepesi. Kuruka kamba hujenga mifupa ya miguu, na kuendesha tairi kwa kijiti huunganisha mbio na uelekezi wa mikono. Mchanga wa bahari, kutoka Mkinga hadi Pangani, ni uwanja laini unaompa nguvu hata mtoto anayekwenda tete, ili mradi mtu mzima awe karibu naye na maji yasiachwe bila mwangalizi.

Mazingira ya michezo hiyo yanabadilika. Katika Jiji la Tanga, barabara za mitaa ambazo watoto waliwahi kuzimiliki jioni sasa zinapitwa na bodaboda na bajaji. Viwanja vilivyokuwa wazi vimejengwa nyumba, maduka au maegesho. Nyumba za kupanga zina ua mdogo, na mzazi anayetoka kazini jioni akiwa amechoka huona ni salama zaidi kumwashia mtoto katuni. Vijijini nafasi ipo, lakini watoto wa kike huanza mapema kubebeshwa wadogo zao na kazi za nyumbani, hivyo saa za kucheza huwa chache kwao kuliko kwa kaka zao.

Katika baadhi ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na madarasa ya awali, watoto wa miaka mitatu na minne hukaa kitako tangu asubuhi hadi mchana wakiimba herufi na kunakili namba. Wapo wazazi wanaopima ubora wa kituo kwa wingi wa kurasa zilizojazwa katika daftari. Mtoto wa umri huo hujifunza hesabu kwa kuruka miraba aliyochorewa chini, na hujifunza maneno kwa kuigiza duka na shamba. Mwalimu wa kituo, na mwalimu wa madrasa pia, anaweza kuwainua watoto kila baada ya nusu saa wakajinyoosha, wakaruka na kuzunguka uwanja, kisha wakarudi mkekani wakiwa wasikivu zaidi.

Watoto wenye ulemavu wasisahaulike. Mtoto asiyeweza kutembea anaweza kurusha mpira akiwa amekaa, kujiviringisha mkekani au kucheza majini akiwa ameshikwa. Kumficha ndani humnyima kile ambacho mwili wake unakihitaji sawa na wenzake.

Kucheza ni haki iliyoandikwa katika sheria

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inataja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu miongoni mwa mambo ambayo mzazi au mlezi anawajibika kumpatia mtoto. Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao ibara yake ya 31 inatambua haki hiyo. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Michezo ya Watoto.

Kwa upande wa utekelezaji, Serikali ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto kwa kipindi cha mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inayomlenga mtoto tangu kutungwa mimba hadi umri wa miaka minane. Programu hiyo imejengwa juu ya maeneo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ukiyatazama kwa jicho la sayansi iliyoelezwa hapo juu, maeneo hayo matano ndiyo yanayoamua iwapo seli za mtoto zitabeba mzigo wa kawaida au mzigo wa ziada.

Hatua za kuchukua

Mzazi anaweza kuanza leo. Amtenge mtoto na simu wakati wa kula na kabla ya kulala. Ampe nafasi ya kucheza nje asubuhi na alasiri, jua la Tanga likiwa si kali, na maji ya kunywa yawe karibu. Amlaze ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, ampeleke kliniki kwa tarehe zilizoandikwa katika kadi yake, na ampatie chanjo na dawa za minyoo kwa wakati. Akiadhibu, asiadhibu kwa kipigo. Baba naye ashiriki, kwa kuwa robo saa ya kukimbizana na mwanawe jioni huwafaa wote wawili.

Viongozi wa mitaa na vijiji wana nafasi yao. Maeneo ya wazi yaliyotengwa katika michoro ya mipango miji yalindwe yasigeuzwe matumizi, na wananchi wana haki ya kuuliza habari zake katika mkutano mkuu wa mtaa au kijiji. Ikiwa mtaa hauna uwanja, shule iliyo jirani inaweza kuombwa ifungue wake saa za jioni chini ya usimamizi uliokubaliwa. Wamiliki wa vituo vya kulelea watoto wahakikishe vina eneo salama la kuchezea, na Maafisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri zote 11 za mkoa ndio wa kuonwa kwa ushauri kuhusu vituo hivyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumbani wanaweza kumuuliza mzazi, baada ya kuuliza habari za chanjo na lishe, swali moja zaidi: mtoto amecheza wapi leo?

Wananchi wanatahadharishwa pia dhidi ya wauzaji wa vidonge na vinywaji vinavyodaiwa kurefusha telomea au kurudisha ujana. Kipimo cha telomea ni chombo cha watafiti na si sehemu ya huduma ambayo mtoto mwenye afya anaihitaji. Fedha za familia zitafaa zaidi zikinunua mayai, samaki na mpira.

Mtoto aliyezaliwa Bombo au Pangani mwaka huu atatimiza miaka 60 katika muongo wa 2080. Wakati huo barabara, shule na hata kazi za watu wa mkoa huu zitakuwa zimebadilika, lakini moyo, mifupa na damu atakavyokuwa navyo vitakuwa vile vile vilivyoanza kujengwa sasa, katika ua wa nyumba yenu na katika kiwanja cha mtaa wenu. Anapoomba ruhusa ya kutoka nje kucheza, na mahali ni salama, aruhusiwe.